Nusu ya Mwalimu Kivuva

Habari ilifika kwa baiskeli. Askari wa chifu, aliyevaa koti la kaki lililokosa vifungo viwili, aliegemeza baiskeli yake kwenye ukuta wa hoteli ya Mbinya, akasafisha koo kana kwamba uwanja mzima ulikuwa unamngoja, kisha akawatangazia wateja watatu na punda mmoja kwamba ugomvi wa pampu umekwisha. Ijumaa, siku ya soko, chifu atarusha juu kifuniko cha soda. Kikianguka hivi, kanisa litachimba kisima na kuweka pampu upande wa juu wa soko, karibu na sanduku la posta. Kikianguka vile, pampu itaenda chini, karibu na josho la ng'ombe. Alipomaliza, akaomba chai.

Mbinya alimmiminia, ila macho yake yalikuwa kwenye sanduku la posta na chai nyingine ikaenda kwenye sosa. Hoteli hiyo ya mabati, yenye meza moja ndefu na mabenchi mawili, ilikuwa yake, na sanduku la posta lilikuwa hatua chache kutoka kwenye jiko lake. Kila alfajiri alishuka na punda hadi mtoni, akachimba mchanga mpaka maji yakajitokeza, akajaza mitungi kwa kata, akapanda nayo kilima hadi hapo sokoni Kyandula, upande wa kuelekea Kabati. Pampu ikiwekwa juu, mgongo wake utapumzika. Ikiwekwa chini, itakuwa mlangoni kwa Nzomo, mwenye baa, shemeji wa chifu, ambaye tayari alikuwa amejenga jiko la hoteli na kununua vikombe. Mwanamke ambaye bado anabeba maji kutoka mtoni hawezi kushindana na mwanamume aliye na bomba mlangoni, na Mbinya hakuhitaji kuelezwa hilo na mtu yeyote.

"Mbona asirushe shilingi kama watu wengine?" aliuliza Mbuvi, fundi wa viatu vya matairi, ambaye soko zima lilimwita Akala.

Askari alitazama kulia, akatazama kushoto, akamtazama punda. "Shilingi iko na kichwa ya nani?"

Ulikuwa mwaka wa themanini na tisa, na maswali ya namna hiyo, ya kumgusa Rais, hayakujibiwa hotelini.

"Sasa ikianguka kichwa chini? Mbele ya raia? Mkubwa alale kifudifudi kwa vumbi ya Kyandula, na mwenye kumwangusha ni chifu wetu?"

Aftin, mfanyabiashara wa mbuzi, alikuwa ameweka mezani shilingi yake ya kulipia chai. Aliigeuza polepole kwa kidole kimoja mpaka kichwa kikatazama juu, akaipangusa vumbi. Watu walimwita Mizani, kwa sababu alikuwa akimtazama mbuzi kutoka ng'ambo ya barabara na kukutajia uzito wake. Jamaa zake walitoka kaskazini mashariki, naye alikuwa amezaliwa hapo hapo na alitukana kwa Kikamba vizuri kuliko mchungaji alivyohubiri.

Mbuvi aliuliza kama haingekuwa rahisi watu kupanga foleni mbili, wa juu huku na wa chini kule, halafu foleni ndefu ishinde. Hapo Mwalimu Kivuva, aliyekuwa akipanga vifuniko kwenye ubao wa drafti, akainua kichwa na kusema kwamba kwa kitabu, foleni ndefu ndiyo inayoshinda.

"Kwa kitabu," alisema Aftin. "Na ile foleni fupi iliyoshinda kura ya mwaka jana, Mwalimu, wewe uliiona kwa kitabu ama kwa macho?"

Askari alikumbuka ghafla kwamba alikuwa na kazi nyingine ng'ambo ya pili. Aliacha chai nusu na kupanda baiskeli.

Mwalimu Kivuva alikuwa amefundisha hesabu katika shule ya msingi kwa miaka mingi kabla ya kustaafu. Mbele yake watu walimwita Mwalimu, na akigeuka tu walimwita Nusu. Jina hilo alijitafutia mwenyewe. Kwake yeye, kitu chochote chenye njia mbili za kutokea kilikuwa nusu kwa nusu, na baada ya hapo hakukuwa na mjadala. Mke wa jirani akiwa mjamzito, atajifungua msichana au mvulana, nusu kwa nusu. Basi la kutoka Kitui litafika leo au halitafika, nusu kwa nusu. Basi lenyewe lilikuwa limekufa gia tangu Machi, lakini hilo halikumsumbua.

Kila asubuhi yeye na Mbuvi walicheza drafti kwa vifuniko vya soda, Mbuvi akivilaza vyake mdomo juu, upande wenye meno, Mwalimu akivilaza vyake mgongo juu, upande wa bapa. Ili kujua nani aanze, walirusha kifuniko kimoja. Mbuvi alisema "mdomo" siku zote, Mwalimu akasema "mgongo" siku zote, na karibu siku zote Mbuvi alianza. Mwalimu hakukasirika. Alisema mambo yatajisawazisha. Alikuwa amesubiri yajisawazishe tangu mwaka wa themanini na tatu.

Watu wa juu walipokaa jioni hiyo kuamua nani atasimama mbele ya chifu kuwachagulia upande wa kifuniko, walimchagua Mwalimu, kwa sababu ya hesabu. Chifu alikuwa ameshatangaza kwamba watu wa juu ndio watakaochagua kwanza. Mbinya alisikia uamuzi huo akiwa anaosha sufuria, na akaisugua mpaka ikakaribia kutoboka.

Kesho yake Mbinya, ambaye wateja walimwita Mama Kavata kwa jina la mwanawe, alimwekea Mwalimu kikombe mbele, akasimama hapo hapo na mikono kiunoni.

"Mwalimu, Ijumaa utasema nini?"

"Nitasema mgongo, Mama Kavata. Ndiyo nimezoea."

"Sema mdomo."

Mwalimu alicheka kwa upole, kicheko kile cha darasani, akamwonyesha kifuniko. Pande ni ngapi? Mbili. Kinaweza kuangukia pande ngapi kwa mara moja? Mmoja. Basi, moja juu ya mbili ni nusu. Hata malaika akirusha ni nusu.

Aftin alisema hiyo hesabu ameipenda sana. Kesho ama ataoa binti wa chifu ama hataoa. Basi yuko nusu ya njia, na kilichobaki ni chifu kuambiwa. Mbuvi naye akasema mvua itanyesha leo au haitanyesha, nusu kwa nusu, kwa hivyo anaenda kupanda pojo sasa hivi. Ilikuwa Agosti, na ardhi ya Kyandula ilikuwa ngumu kiasi kwamba jembe lilitoa cheche. Mwalimu aliwatazama wote wawili kwa huruma na kusema kwamba dharau haijawahi kupasi mtihani.

"Tuache maneno," alisema Mbinya. "Turushe."

Alileta sinia la bati, bakuli mbili na maharagwe ya jioni. Kila mara kifuniko kikianguka mdomo juu, haragwe moja liliingia kwenye bakuli la bluu. Kikianguka mgongo juu, liliingia kwenye jeupe. Mbuvi alirusha. Katika mara kumi za kwanza mdomo ulipata saba, na Mwalimu akasema kumi ni chache, hata mtoto wa darasa la nne anajua. Alisema shilingi ukiirusha mara kumi inaweza kukudanganya, lakini ukiirusha mara nyingi inatulia na kukaribia nusu, na hilo wala si maoni yake, limeandikwa. Kwa habari ya shilingi, hakukosea hata kidogo. Tatizo ni kwamba shilingi ilikuwa imekatazwa na serikali.

Wakaendelea. Kuna wakati mdomo ulikuja mara tano mfululizo, na Aftin akaapa kwamba sasa mdomo umechoka, lazima utakuja mgongo, akaweka dau la andazi. Ukaja mdomo wa sita na Mbuvi akala andazi. Mbuvi alipoulizwa kwa nini kifuniko kinapenda mdomo, alifikiri kidogo na kutoa maelezo yake.

"Hii kitu imezibwa mdomo siku mingi. Ikipata nafasi, itafanya nini? Itafungua."

Wote wanne waligeuka kutazama mlangoni. Hakukuwa na baiskeli. Wakacheka, ila kwa sauti ya chini.

Mwalimu alipata sababu nyingine. Sinia limeinama, akasema. Wakaliwekea kipande cha gazeti chini. Mbuvi anarusha kwa mkono wa kushoto, akasema. Mbuvi akahamia kulia, na mdomo haukujali. Walipofika mara mia, Mbinya alihesabu bakuli la bluu mbele ya kila mtu, haragwe baada ya haragwe. Sitini na nane.

"Inakaribia," alisema Mwalimu.

"Inakaribia nini?"

"Hamsini."

"Mwalimu, sitini na nane inakaribia sabini."

Mwalimu alichukua kifuniko, akakigeuza, akapitisha kidole kwenye meno yake yaliyojikunja na upande wa mgongo uliolala bapa, akakigeuza tena. Mbinya alimwona usoni, akajua kwamba ameona. Alikuwa ameona vizuri sana kwamba kitu hicho hakikuwa sawa pande zote mbili, na kwamba hesabu ya pande mbili ni ya kitu ambacho pande zake zinafanana. Lakini kuona ni jambo moja, na kukiri mbele ya fundi wa viatu na mwuza mbuzi ni jambo lingine.

"Hata ukisema mdomo unaweza kupoteza," alisema hatimaye, na hapo pia hakukosea.

"Najua. Lakini nikipoteza, nipoteze nikiwa upande wa bakuli iliyojaa." Sauti ya Mbinya ilishuka. "Mwalimu, mimi sijakuomba kitu tangu uanze kukaa kwa hii meza. Nakuomba neno moja. Magoti yangu yameisha. Ijumaa ukiitwa, sema mdomo, halafu urudi kunywa chai."

Mwalimu Kivuva aliahidi. Alisema mdomo ni neno kama neno lingine, na kwa kuwa ni nusu kwa nusu, hatapungukiwa na kitu akilisema. Mbinya hakuipenda ahadi ya namna hiyo, lakini aliichukua. Maharagwe aliyachanganya na mahindi kupika isyo, ya bakuli la bluu na ya jeupe yote sufuria moja, na jioni Mwalimu akala sahani mbili.

Ijumaa watu walijaa mbele ya ofisi ya chifu, wa juu upande wa kivuli na wa chini upande wa jua, na kila upande ukasema umeonewa. Chifu Musembi alitoka na kofia yake na fimbo yake. Kwanza aliletewa soda, kwa sababu kifuniko lazima kitoke mahali. Ilifunguliwa mbele ya umma kuonyesha kwamba hakuna ujanja, na chifu akainywa yote, taratibu, watu mia mbili wenye kiu wakimtazama. Alipomaliza akacheua na kusema kwamba haki haina haraka.

Mwalimu aliitwa mbele. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani. Mbinya alisimama mstari wa kwanza kabisa, amefunga leso yake vizuri, na alikuwa hajalala.

Chifu hakumwuliza upande. Aligeukia watu, akatabasamu. "Huyu mzee alinifundisha hesabu. Darasa la saba alinichapa viboko sita kwa swali moja, na sijasahau. Mwalimu, hii kitu iko na pande ngapi?"

"Mbili," alisema Mwalimu.

"Na nafasi ya kila upande?"

Kabla Mwalimu hajajibu, umati ukajibu. Zaidi ya nusu yao walikuwa wamepitia chini ya kiboko chake, wa juu na wa chini, na jibu lilitoka vifuani mwao kwa pamoja, kwa ule wimbo wa darasani: nusu. Wazee walisema nusu. Kina mama wenye watoto mgongoni walisema nusu. Mbinya alimwona Mwalimu akijaa ndani ya lile koti kama unga wa mandazi uliokandwa na kuachwa juani, na akaanza kuogopa.

Alimtazama Mwalimu machoni, akafungua mdomo wake wazi kabisa, akauonyesha kwa kidole. Mwalimu alimwona. Hilo hata yeye mwenyewe hakulikana baadaye.

"Kwa hivyo, Mwalimu," alisema chifu, "kuchagua kwanza na kuchagua mwisho, kuna tofauti?"

Lilikuwa swali dogo. Mtu yeyote wa hotelini angelijibu, hata punda. Mwalimu Kivuva alitazama zile nyuso zote, za watu aliowafundisha na ambao hawakuwa wamemtazama hivyo tangu astaafu. Akaufungua ule mdomo aliouahidi.

"Hakuna tofauti," alisema. "Ni yale yale."

"Mmesikia mwalimu wetu. Basi, kwa sababu ni yale yale, wacha watu wa chini wachague kwanza, wasiseme nimewaonea. Nzomo?"

Nzomo alikuwa amefungua chupa kwenye baa yake kwa miaka ishirini, na kila asubuhi alifagia vifuniko kutoka kwenye sakafu yake ya simiti. Alisema "mdomo" kabla chifu hajafunga wake.

Kifuniko kilipanda, kikang'aa kidogo, kikaanguka kwenye simiti ya baraza, kikaruka, kikazunguka kwa meno yake na kulala. Mbinya hakuhitaji kusogea kukiona. Alisikia watu wa chini wakishangilia, akajifungua leso kichwani, akajipangusa nayo uso, akaenda kumfungua punda.

Jumamosi alirudi kutoka mtoni jua likiwa limeshapanda, kwa sababu maji yalikuwa yameshuka zaidi mchangani. Aliwakuta wote watatu kwenye mabenchi yao, wamekaa kwa adabu ya watu waliofiwa. Aliwasha moto, akachemsha chai, akawamiminia. Mbuvi ndiye aliyeanza. Alisema mtu fulani, hamtaji jina, alipewa neno moja la kubeba kutoka hoteli hadi kwa ofisi ya chifu, safari ya dakika tano, na akaliangusha njiani. Aftin akasema hapana, hakuliangusha, aliligawa nusu, akampa Nzomo.

Mwalimu alijitetea. Alisema kurusha mara moja hakuthibitishi kitu. Kifuniko kingeweza kabisa kuanguka mgongo, na hapo wote wangekuwa wanamshukuru yeye. Alilisema vizuri, kwa utaratibu, na kwa kweli hakuna aliyeweza kumpinga. Ndiyo sababu walimkasirikia zaidi.

"Tucheze," alisema Mbuvi, akachukua kifuniko. "Nani anaanza?"

Mwalimu alikohoa, akatazama ubao, akatazama dari.

"Mdomo," alisema, kwa sauti ya mtu anayenunua dawa ya minyoo.

Mbuvi alimtazama Aftin. Aftin aliweka kikombe chini. Tangu mwaka wa themanini na tatu neno hilo halikuwahi kutoka upande huo wa meza. Kifuniko kikapanda, kikaanguka kwenye sinia, kikayumba na kutulia.

Mgongo.

Aftin alicheka mpaka chai ikamtokea puani. Mbuvi alilaza kichwa mezani. Ni Mwalimu Kivuva peke yake aliyenyooka, uso wake ukang'aa kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa, akawainulia kidole kama darasani. Si aliwaambia? Si alisema? Na katika furaha hiyo alinyoosha mkono kuchukua kikombe chake ajipongeze, akakiinua, na kikombe kikawa chepesi kuliko alivyotarajia.

Alitazama ndani. Akatazama cha Mbuvi, kilichojaa hadi ukingoni. Akatazama cha Aftin.

"Mama Kavata, hii kikombe ni nusu."

"Ni nusu, Mwalimu," alisema Mbinya, akiwa amempa mgongo, akichochea moto.

"Na ile nusu ingine?"

"Iko chini, kwa josho."

"Sasa mimi nifanye nini na hii?"

Mbinya aligeuka, akaupangusa mkono wake kwenye leso, akamwekea andazi moja kando ya kikombe kwa heshima zote.

"Kunywa tu, Mwalimu. Kila siku kunywa hivyo hivyo. Itajisawazisha."